Asili ya Jina la Schnitzer, na Jinsi Linavyotuhusu

Wasomaji wa gazeti letu, vitabu vya historia humtaja mtu mmoja aitwaye Emin Pasha. Yeye ndiye aliyeanzisha boma la Wajerumani huko Bukoba mwezi wa Novemba 1890, na katika nchi yetu ya Karagwe alipita mara mbili: mara ya kwanza katikati ya mwaka 1889, alipokuwa pamoja na H. M. Stanley wakienda pwani, na mara ya pili mwaka 1891, alipotoka Bukoba kuelekea magharibi. Lakini Emin Pasha si jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa akaitwa Eduard Schnitzer. Muhula huu nataka kueleza habari za jina hilo la Schnitzer, lilikotoka na jinsi lilivyoshikamana na watu, maana ndani yake mna jambo linalotupasa sisi wa Karagwe na Kyerwa kulifikiri, hasa siku hizi ambapo majina ya vijana wetu yanaandikwa katika fomu za kila namna.

Kwanza maana. Katika Kijerumani herufi "sch" hutamkwa kama "sh" yetu. Kitenzi chao "schnitzen" maana yake ni kuchonga mti kwa kisu, na mwenye kazi hiyo ndiye Schnitzer, yaani mchongaji. Kwa Kinyambo tungesema omubaizi. Mchongaji wa Ulaya ya kale alikuwa mtu wa kutafutwa. Alichonga sanamu za makanisani, akachonga bakuli na vijiko vya mbao, kama vile omubaizi wa kwetu alivyochonga ekyanzi cha kutilia maziwa, kigoda cha mzee, na ule mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe. Basi jina la Schnitzer ni jina la kazi.

Majina ya namna hiyo ni mengi mno katika Ujerumani. Jina linaloshika nafasi ya kwanza kwa wingi wa watu ni Müller, maana yake msagaji wa unga. La pili ni Schmidt, mhunzi. La tatu ni Schneider, mshonaji nguo. Kisha wako akina Fischer, mvuvi, na Weber, mfumaji, na Becker, mwokaji mikate, na Wagner, fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Schulze alikuwa kama jumbe wa kijiji. Meyer alikuwa msimamizi wa shamba la bwana mkubwa, na Hans Meyer ndiye Mzungu aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, mwaka ule ule Emin alipopita Karagwe. Wavulana wanaopenda mashindano ya magari watamkumbuka Michael Schumacher. Naye jina lake ni mshona viatu, ingawa yeye alijulikana kwa kuendesha gari na si kwa kushona kiatu.

Sasa, majina hayo yalipatikanaje? Hapo kale Mjerumani alikuwa na jina moja tu, kama watu wengi wa dunia. Jina hilo moja lilitosha katika kijiji kidogo. Lakini tangu karne ya 12, miji kama Köln ilipoanza kukua, makarani wa mji walikuwa na daftari za kodi, na za mashamba, na za nyumba zilizouzwa na kununuliwa. Karani akakuta watu ishirini wote wanaitwa Johannes. Atajuaje ni Johannes yupi aliyelipa na yupi ambaye hajalipa? Basi akaongeza neno: Johannes mhunzi, Johannes wa kule mlimani, Johannes mwana wa Peter, Johannes mwekundu wa nywele. Hizo ndizo njia nne walizozitumia sana, nazo ni kazi, mahali, baba, na umbo la mtu.

Angalieni jambo moja hapa, maana mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini jina la mhunzi limewapita wote, hali wakulima walikuwa wengi kuliko wahunzi. Swali zuri, na jibu lake limo ndani ya swali lenyewe. Katika kijiji chenye wakulima mia, kumwita mtu "mkulima" hakumsaidii mtu yeyote kumtambua. Lakini mhunzi alikuwa mmoja, na msagaji mmoja. Ukisema "yule mhunzi" kila mtu amekwisha jua. Jina la kazi ni alama ya kumtofautisha mtu na jirani zake. Sisi wenyewe twafanya hivyo kila siku bila kufikiri. Katika soko la Kayanga hutasikia mtu akitafuta fundi baiskeli kwa jina la ubatizo. Atasema "Fundi" na jina moja, na hiyo yatosha. Na nchi nzima ilimwita Julius Nyerere "Mwalimu", ambalo ni jina la kazi aliyoifanya kabla ya siasa.

Tofauti ni hii, kwamba mwana wa Fundi wa Kayanga akienda kuwa dereva hatuendelei kumwita Fundi. Kwa Wajerumani, karani aliendelea. Baba aliandikwa Schmidt katika daftari ya kodi, mwanawe aliyerithi nyumba akaandikwa Schmidt vile vile ili karani aone kwamba nyumba ni ile ile, ijapokuwa mwana hajapata kushika nyundo. Mjukuu naye kadhalika. Hapo neno likaacha kuwa habari ya kazi, likawa jina la familia. Kwa hiyo mimi husema kwamba kazi ilileta neno tu, lakini aliyelifanya neno lidumu ni karani na kalamu yake.

Na kalamu ya karani haikuwa moja. Huyu aliandika Schmidt, yule Schmitt, wa kusini Schmid, na wa upande wa mto Rhine akaandika Schmitz. Ni mhunzi yule yule, lakini leo ni familia mbalimbali na kila moja hulinda herufi zake. Wanyambo na Wahaya tusicheke. Mara ngapi tumeona Rwegasira na Lwegasira, Rugaimukamu na Lugaimukamu? Hata jina la Kyerwa watu wa mbali huliandika Kyelwa. Ulimi wetu hauoni shida kati ya "r" na "l", lakini karatasi huona.

Msidhani tena kwamba Wajerumani wote walikubali mambo hayo upesi. Huko kaskazini-magharibi, katika nchi ya Wafrisia, watu waliendelea kuitwa kwa majina ya baba zao, kila kizazi na jina lake, mpaka serikali ya Napoleon ilipowaamuru mwaka 1811 wachague jina moja la kudumu. Na Wayahudi waliokaa kati yao, wengi pia walijulikana kwa jina la mtu na la baba yake: fulani mwana wa fulani. Kaisari wa Austria aliwaamuru Wayahudi wa nchi zake kuchukua majina ya familia mwaka 1787. Serikali ya Prussia ilifuata kwa amri ya tarehe 11 Machi 1812. Myahudi aliyetaka kuhesabiwa raia alipewa muda wa miezi sita kutangaza jina la familia atakalolishika. Miezi sita tu ya kuchagua jina la wajukuu na vilembwe! Wengine walichukua jina la kazi, wengine jina la mji, wengine jina lililosikika vizuri masikioni. Tangu Januari 1, 1876, Ujerumani nzima ilikuwa na sheria moja, kwamba kila kuzaliwa, kila ndoa na kila kifo kiandikwe na karani wa serikali. Miaka kumi na minne baadaye Wajerumani hao walikuwa Bukoba.

Eduard Schnitzer alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi tarehe 28 Machi 1840, katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia, ambalo wakati ule lilikuwa la Prussia na sasa ni nchi ya Poland. Baba yake hakuwa mchongaji, alikuwa mfanyabiashara. Akafariki mtoto akiwa bado mdogo, mama akaolewa na Mkristo, na watoto wakabatizwa. Eduard alisoma udaktari, akamaliza mwaka 1864. Twaona basi mtu aitwaye Mchongaji ambaye baba yake aliuza bidhaa na yeye mwenyewe alitibu wagonjwa.

Kisha akafanya jambo ambalo makarani wa Ulaya hawakulitazamia. Akaondoka kwao akafanya kazi ya udaktari katika dola ya Waturuki, akajifunza lugha zao, akaliacha jina la Schnitzer, akajiita Mehemet Emin. Alifika Khartoum mwishoni mwa 1875, na mwaka 1878 Gordon akamfanya gavana wa jimbo la Ikweta, katika sehemu za juu za Mto Nili. "Emin" ni namna ya Kituruki ya kulitamka neno la Kiarabu "amin", ambalo sisi tunalo katika "amini", "amana" na "mwaminifu". Kwa hiyo aliacha jina la kazi ya mikono akachukua jina la tabia. Pasha ni cheo tu. Na dunia ilimfuata: wataalamu wa wanyama na ndege, ambao aliwapelekea vielelezo vingi sana, walipotaka kumheshimu waliandika jina la Emin, na yupo shomoro mmoja wa Afrika Mashariki ambaye jina lake la kitaalamu ni Passer eminibey. Aliuawa katika nchi ya Kongo, Oktoba 1892, akiwa na jina hilo.

Sasa turudi nyumbani, tuulize swali ambalo ndilo lililonifanya niandike. Nchi ya Karagwe ilikuwa nchi ya chuma. Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, na Stanley akafika mwaka 1876, akaonyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, imejaa vitu vya chuma na shaba. Mlikuwa na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, wenye pembe ndefu kama ng'ombe wetu. Huko Bweranyange, katika makao ya wafalme, zilitunzwa pia nyundo kubwa za kifalme, na wataalamu wa mambo ya kale Andrew Reid na Rachel MacLean waliandika mwaka 1995 juu ya chuma cha Karagwe na maana yake katika utawala. Si sisi peke yetu tulioheshimu nyundo katika nchi za maziwa makuu. Kaburi la Mfalme Cyirima Rujugira wa Rwanda lilipofukuliwa, nyundo mbili za chuma zilikutwa kichwani pake. Tena upande wa Ziwa Viktoria, karibu na Bukoba, chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Aliyechimba na kuandika habari hizo, na kukaa na wazee waliokumbuka kazi ya matanuru, ni Mmarekani Peter Schmidt. Yeye na mwenzake Donald Avery walizichapisha mwaka 1978. Mtu aitwaye Mhunzi alisafiri kutoka Marekani kuja kujifunza uhunzi kwa Wahaya. Nadhani wazee wangalicheka sana kama angaliwafasiria jina lake.

Basi, ikiwa mhunzi wa Ujerumani amejaza nchi watu waitwao Schmidt, kwa nini mhunzi wa Karagwe, omuhesi, aliyefanya kazi karibu na kiti cha mfalme, hakutuachia maelfu ya watu waitwao Muhesi?

Wengine watajibu kwamba hatukuwa na majina ya kurithi. Si kweli. Tulikuwa nayo, na tunayo, lakini jina tunalorithi ni la ukoo, oluganda, pamoja na mwiko wake, omuziro. Mhinda ni Mhinda kwa sababu ya Ruhinda, na mwiko wake ni tumbili, enkende; awe mfalme, awe mchungaji, awe mwalimu wa hesabu, hilo halibadiliki. Jina la mtu mwenyewe ni jambo jingine. Mtoto hupewa jina lake yeye, kufuatana na siku, au shida, au furaha, au imani ya wazazi: Mugisha ni baraka, Byarugaba ni vitu vya Mungu mgawaji, Tumwesigye ni "tumtumaini Yeye". (Huyu Tumwesigye na Emin, kwa maana, ni ndugu.) Rumanyika alikuwa mwana wa Ndagara, wala hakuitwa Ndagara. Kama Rumanyika angaliandikishwa kwa mtihani wa Kidato cha Nne, fomu yake ingalisomeka Rumanyika Ndagara, na mwanawe angalikuwa na jina la tatu kabisa.

Kwa hiyo omuhesi hakuhitaji jina la kazi ili ajulikane ni wa nyumba gani. Ukoo wake ulijulikana, na kazi yake ilijulikana, na hapakuwa na karani wa kuyachanganya mawili hayo katika mstari mmoja wa daftari. Karani alipokuja, alikuja amechelewa. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao mwaka 1898. Waingereza wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Wakati huo jembe la dukani lilikuwa limekwisha kumshinda mhunzi, matanuru yakazimika. Makarani hawakukuta wahunzi wengi wa kuandika. Tena hawakuuliza kazi, waliuliza: jina lako nani, na baba yako nani? Wamisioni wakaongeza jina la ubatizo, na hapo Kagera ikajaa akina Deusdedit na Deogratias, majina ya Kilatini ambayo maana yake, ukiyachungua, ni ile ile ya majina ya babu zetu. Hivyo desturi ya Mnyambo ikakutana na fomu ya Mzungu, na jina la baba, lililokuwa lake peke yake, likaanza kukaa mahali pa jina la familia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Katika lugha ya Wazanaki, nyerere ni viwavi. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipoishambulia nchi. Mwanawe aliitwa Kambarage. Alianza shule Musoma mwaka 1934, akabatizwa Julius mwaka 1943, na kwa njia ya madaftari ya shule na kanisa jina la baba likawa jina lake la mwisho, kisha la watoto wake, kisha la uwanja wa ndege na la barabara. Shambulio moja la viwavi katika kijiji kimoja sasa ni jina la familia, kama Schnitzer alivyokuwa kazi ya mtu mmoja.

Sisi tuko hapo hapo walipokuwa Wafrisia mwaka 1811. Tuseme yuko mzee mmoja aitwaye Byarugaba, naye ana watoto watatu shuleni. Wa kwanza ameandikwa jina la ubatizo na jina lake la Kinyambo, pasipo la baba. Wa pili ameandikwa na Byarugaba mwishoni. Wa tatu ameandikwa na jina la babu, kwa sababu siku ile shangazi ndiye aliyempeleka shule. Ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja, lakini kwa karatasi si ndugu. Mmoja wao cheti chake cha kuzaliwa kina "r" na cheti cha mtihani kina "l". Hapo kijana atakapoomba chuo au kazi, ataulizwa, atapelekwa kwa wakili kula kiapo kwamba huyu na yule ni mtu mmoja, na kiapo hicho hulipiwa. Jina lililoandikwa kwa mtihani ndilo litakalochapwa kwenye cheti. Nawaomba wazazi, kabla mtoto hajaandikishwa Kidato cha Pili, mkae jioni moja mkubaliane jina la mwisho la nyumba yenu na herufi zake, mkalinganishe na cheti cha kuzaliwa, kisha mtoto aje na karatasi iliyoandikwa na mzazi, asije na jina la kukumbuka njiani.

Lakini kuna hasara nyingine ambayo hailipiwi kiapo. Fomu zetu zina nafasi ya jina la kwanza, la kati na la mwisho. Hazina nafasi ya oluganda wala omuziro. Kile ambacho babu zetu walikiona ndicho jina hasa la kurithi hakiandikwi popote. Muhula uliopita niliuliza darasa moja la Kidato cha Tatu, wanafunzi 46. Waliojua ukoo wao walikuwa 29, waliojua na mwiko wake walikuwa 17, na kati ya hao wasichana walijua zaidi kuliko wavulana. Sishangai. Msichana akiolewa hubaki na ukoo wa baba yake na mwiko wake mpaka kufa, basi mama yake humfundisha mapema. (Mwanamke wa Kijerumani, kwa muda mrefu, alilazimishwa na sheria kuacha jina lake, sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1994 tu.)

Sisemi fomu zibadilishwe. Nasema tuwe na daftari yetu. Likizo hii kila mwanafunzi amwulize babu au bibi mambo manne: ukoo, omuziro, maana ya jina la baba, na kazi ambayo nyumba hiyo ilijulikana nayo zamani, iwe ya omuhesi, au ya omubaizi, au ya mfinyanzi, au ya mchunga ng'ombe wa mfalme. Wenye asili ya Rwanda, Burundi, Uganda au mikoa mingine nao waulize kwao, maana koo zetu kadhaa zimevuka Mto Kagera kwenda na kurudi mara nyingi. Jina liandikwe kama mzee anavyolitamka. Daftari lenye jalada la buluu litakuwa maktabani, juu ya meza ya mtunza vitabu, tangu siku ya kwanza ya muhula. Kalamu njooni nayo wenyewe.